Bima ya sungura, kobe na kasuku Uingereza: wapi inalipa, wapi ni kutupa hela

Nianze na bei, maana kila anayeniuliza jambo hili huanza nayo. Nina sungura wawili, Karafuu na Iliki, na wote niliwakatia bima hapa Northampton ninakoishi. Mwaka wa kwanza nililipa pauni 27 kwa mwezi kwa wote wawili, wa pili 31, wa tatu 38. Benki inakata yenyewe kila tarehe mosi. Jumla ya miaka mitatu ni pauni 1,152. Sungura wenyewe niliwachukua kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa kwa pauni 90 wote, wakiwa wameshahasiwa na kuchanjwa. Ukipiga hesabu ya sokoni, bima imeshawapita bei mara kumi na mbili.

Hesabu ya sokoni ndiyo inayofanya watu wacheke wakisikia bima ya sungura. Mamangu yuko Pongwe, Tanga. Nilipomwambia alicheka mpaka akaita majirani. "Sungura ana bima! Haya, na kuku wako je?" Kwetu sungura hukaa kwenye banda la mbao nyuma ya jiko, na akianza kuzubaa anachinjwa mapema kabla kitoweo hakijaharibika. Nikacheka naye tu, ningemweleza nini.

Ukweli ni kwamba ukikata bima hii unacholipia ni daktari, na daktari wa wanyama hapa hatozi kwa udogo wa mnyama. Picha ya eksirei ni ileile, chumba ni kilekile, nesi ni yuleyule. Kwenye dawa ya usingizi sungura ni kazi zaidi, kwa sababu ni wepesi kufia usingizini kuliko mbwa, kwa hiyo lazima mtu asimame pembeni akimhesabia pumzi mwanzo mpaka mwisho. Halafu si kila daktari anawaweza. Wamesomea zaidi mbwa na paka, na sungura wanamweka fungu moja na mijusi na kasuku, fungu la wanyama wasio wa kawaida. Kliniki iliyo karibu na nyumbani kwangu inapokea sungura kwa chanjo na kukata kucha, lakini likija jambo zito wanakuelekeza mjini.

Na hakuna NHS, ile huduma ya afya ya umma ya hapa, kwa ajili ya sungura. Bili ya daktari wa wanyama ina VAT ya asilimia 20 juu yake. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilianza kuichunguza biashara hii mwaka 2023, ikaeleza kwamba mwaka 2013 kliniki zilizokuwa mikononi mwa makampuni makubwa ni kama asilimia 10, na sasa ni karibu asilimia 60. Mlangoni unakuta jina lilelile la zamani, la daktari aliyeianzisha, lakini bei imepangwa kwingine. Hata bima nayo ina kodi yake ya asilimia 12 ndani ya kile unacholipa kila mwezi.

Sasa niwaeleze siku bima iliponilipa.

Nilirudi kutoka zamu ya usiku (nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea) nikakuta Karafuu amejikunja kwenye kona, mgongo juu, macho nusu. Bakuli halijaguswa. Nilichotazama kwanza ni choo chake. Sungura mzima huangusha vinyesi vikavu vya mviringo kama choroko, usiku mmoja unazoa vingi tu. Safari hii palikuwa na vichache, vidogo, vingine vimeunganishwa na manyoya. Nikamsogezea kotimiri, ambayo kwa kawaida hunivuta mkononi, akageuza uso. Mwenye sungura akiona hivyo ajue saa zinahesabika. Mnyama huyu hawezi kutapika, na utumbo wake umeumbwa kusaga majani mfululizo. Ukisimama, gesi inajaa, maumivu yanamfanya agome kula, na kugoma kula kunazidi kuusimamisha utumbo. Akikaa nusu siku bila kula ni dharura.

Ilikuwa Jumapili alfajiri, kwa hiyo ni kliniki ya dharura. Kabla hawajamfungua kwenye boksi, mapokezi walishaniuliza nitalipa vipi na kama nina bima. Daktari, binti mmoja mpole wa makamo ya mdogo wangu, alimtoboa sikioni, akachukua tone la damu na kulipima kwa kimashine kilekile ninachotumia kazini kwa wazee wenye kisukari. Nikamuuliza sukari inahusikaje na tumbo. Akaniambia sukari ya sungura ikipanda sana, ikivuka 20, kuna uwezekano mkubwa utumbo umeziba kabisa na inabidi apasuliwe. Ikipanda kidogo, mara nyingi tumbo limesimama tu. Ya Karafuu ilikuwa 11. Wakampiga picha mbili kuhakikisha, wakamwekea dripu kwenye mshipa wa sikio, dawa ya maumivu, dawa ya kuamsha utumbo, na kumlisha uji wa majani kwa bomba la sindano. Akalala huko siku mbili.

Bili niliyo nayo inasema hivi: kuonwa nje ya saa za kazi pauni 265, picha 280, kipimo cha damu 60, kulazwa pamoja na dripu na dawa 475, dawa za kwenda nazo nyumbani na pakiti ya ule unga wa majani 60. Jumla 1,140. Nililipa zote kwa kadi palepale, kwa sababu kliniki za dharura nyingi hazisubiri kampuni ya bima. Jambo hili wauzaji hawalitangazi. Bima hurudisha hela, haikutolei mlangoni, isipokuwa kliniki iwe imekubali kuidai kampuni moja kwa moja. Kama huna pauni elfu kwenye akaunti wala kadi ya mkopo siku hiyo ya Jumapili, bima yako bado ni karatasi.

Fomu ya madai nilijaza kwenye simu. Nusu yake hujaza kliniki, na kliniki ilikaa nayo mpaka nikawapigia. Hela zilirudi baada ya kama mwezi. Walikata pauni 95, ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye mnyama hujilipia mwenyewe kwa kila ugonjwa, na pauni 22 za unga wa majani, kwa sababu kwao hicho ni chakula. Nikapokea 1,023.

Kwa hiyo nimelipa 1,152, nimerudishiwa 1,023. Baba Rahma, mume wangu, anapenda kuniwekea hesabu hii mezani kila barua ya kampuni inapokuja. Nami humwambia asome tarehe. Karafuu aliugua mwezi wa tano wa bima. Wakati huo tulikuwa tumelipa pauni 135 tu. Tungekuwa tunaweka kibubu, kibubuni kungekuwa na pauni 135 na daktari anataka 1,140, na mimi najijua, ningekopa, na riba ya kadi ya mkopo hapa haina huruma. Upande huo bima imefanya kazi yake na sina malalamiko nayo.

Malalamiko yangu yako kwa Iliki.

Meno ya sungura hayaachi kukua, yale ya mbele yanayoonekana, milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na yale ya nyuma yasiyoonekana. Majani makavu ndiyo yanayoyasaga. Lakini wako sungura, hasa hawa wenye uso mfupi wa bapa na masikio yaliyolala ambao Waingereza wanawapenda mno, taya zao hazikutani vizuri. Meno ya nyuma yanaota ncha, ncha zinachoma ulimi au shavu. Iliki ni wa aina hiyo. Alianza kudondosha chakula, kidevu kikawa kimeloa mate. Daktari akasema alazwe usingizi, meno yasagwe. Pauni 340, na akaniambia wazi kwamba itarudi, baada ya miezi michache, maisha yake yote.

Nikapeleka dai. Likakataliwa. Sababu: siku ile ya kwanza kabisa nilipompeleka kutazamwa afya, wiki ileile niliyomchukua, daktari wa kliniki ya jirani aliandika kwenye faili maneno kama matano hivi, kwamba meno ya nyuma yamerefuka kidogo, yafuatiliwe. Hakunipa dawa, hakunitoza, hata sikumbuki kama alinitajia. Kampuni iliomba historia yote ya sungura, ikakuta mstari huo, ikasema ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima kuanza kufanya kazi. Na kwa kweli ulianza kabla, kwa sababu bima nyingi zina siku 14 za kungoja kwa upande wa magonjwa, na mstari ule uliandikwa ndani ya siku hizo.

Nilipiga simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zote, ananiita kwa jina la kwanza kama desturi yao, ananipa pole juu ya pole, na hakusogea hata nukta. Nikaomba daktari aandike barua kwamba kurefuka kidogo si ugonjwa. Akaandika. Wakasimama palepale. Sheria hapa inaipa kampuni wiki 8 kukupa jibu la mwisho, na usiporidhika una miezi 6 ya kwenda kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko ya wateja wa benki na bima, bila malipo. Sikwenda. Nilisoma tena masharti, mstari upo, na nilijua nitakayesumbuka ni mimi. Lakini naliandika hapa kwa sababu ndiyo kasoro kubwa ya bima za wanyama wadogo kama ninavyoziona: dharura ya siku moja wanalipa bila matata, ila ugonjwa wa kudumu, ule unaokamua kidogokidogo, wanautafutia mlango wa kutokea. Na kwa sungura ugonjwa wa kudumu ni meno. Zipo kampuni zinazogharimia meno kwa sharti kwamba sungura awe ametazamwa kinywa kila mwaka na ushauri wa daktari umefuatwa. Tafuta neno meno kwenye masharti kabla ya kutazama bei.

Yapo mengine hawalipii, na haya sina ugomvi nayo: chanjo, kuhasi, kukata kucha. Chanjo yenyewe usiiruke, ya miksomatosisi na ya homa ya sungura ya kutoka damu, RHD, aina zote mbili. Sungura asiyechanjwa akipatwa na mojawapo, kampuni haitoi senti. Ukiwa unafuga nje wakati wa joto, uliza pia kama wanalipia funza. Nzi hutaga kwenye manyoya ya nyuma yaliyochafuka, na ndani ya siku moja mnyama analiwa akiwa hai. Wengine huliona hilo ni uzembe wa mwenyewe.

Nihamie kwa kobe, ambaye ni wa Baba Rahma. Jirani yetu mzee alipohamia nyumba ya kulelea aliomba tumchukue kobe wake, aina ya Hermann, aliyeishi naye tangu mkewe akiwa hai. Baba Rahma ni mtu wa Unguja, akampa jina Changuu papo hapo. Ndiye aliyetaka bima, na alichotaka hasa ni bima ya wizi. Nikamuuliza nani ataiba kobe Northampton. Akanikumbusha ya kwao: kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu waliletwa 1919 kama zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli, wakazaliana wakafika mamia mawili, kisha wakaibwa na kuuzwa, na kufika 1996 walibaki saba. Hapo nikanyamaza. Na kweli hapa kobe huibwa bustanini, maana ana thamani, anatembea taratibu na hapigi kelele.

Tulisoma masharti ya bima mbili za kobe. Tukaziacha zote. Kipengele cha wizi kinataka kobe awe amefungiwa usiku na uwe na uthibitisho kwamba ni wako, na kinalipa thamani ya kobe tu. Sasa ukishamfungia kila usiku na kumwekea kichipu, hatari yenyewe imepungua sana. Kichipu ni hela ya mara moja. Upande wa matibabu ndio ulionikatisha tamaa zaidi. Magonjwa mengi ya kobe wa kufugwa yanatokana na namna anavyofugwa: akikosa taa ya UVB, yenye mionzi kama ya jua, na kalsiamu, gamba na mifupa hulainika, akilazwa usingizi wa majira ya baridi akiwa dhaifu, anaamka mgonjwa au haamki. Masharti yote mawili yalisema yanayotokana na matunzo mabaya hayalipwi, na nani ataamua matunzo yalikuwa mabaya? Siyo wewe.

Kwa hiyo pauni 11 ambazo zingekwenda bima kila mwezi, Baba Rahma alinunulia taa mpya, mizani ya jikoni na friji ndogo. Naam, friji. Wafugaji wengi hapa hulaza kobe kwenye friji wakati wa baridi, kama nyuzi 5, kwa sababu bustanini joto hupanda na kushuka ovyo na kobe anaamka katikati ya Januari. Mlango unafunguliwa kidogo kila siku apate hewa, na anapimwa uzito. Shangazi yake Baba Rahma alikuja kututembelea kutoka London, akafungua friji akitafuta maziwa, na nyumba nzima ikajua. Mpaka leo akija anauliza kwanza, "Mwanangu, maziwa yako friji ipi?"

Kasuku ni habari nyingine. Rafiki yangu, dada wa Bukavu anayeishi Leicester, ana kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayejua kuigiza mlio wa maikrowevu na kumfokea mtu kwa Kiswahili cha kwao. Kasuku hawa huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Tangu Januari 2017 wamo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo biashara ya waliokamatwa porini, wengi wao wakitokea Kongo, imepigwa marufuku, na hapa Uingereza muuzaji lazima awe na cheti. Ndege wa halali ana bei, na bei hiyo inafanya bima iwe na maana hata kwa upande wa kifo na kupotea, siyo daktari peke yake. Dada yangu huyu analipa pauni 23 kwa mwezi, na nadhani hapotezi. Wanapata ukungu wa mapafu, kalsiamu inawashuka mpaka wanatetemeka, wanajinyonyoa manyoya, na daktari bingwa wa ndege ni wa kutafuta kwa gari. Jambo moja ambalo bima yoyote haitakuokoa nalo ni kikaango kisichoshika chakula. Kikiunguzwa kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache, na daktari hana la kufanya. Yeye alivitoa vyote jikoni kabla hajamleta ndege.

Kwa majina: sungura anakubaliwa na Petplan, ambao wanachukua mbwa, paka na sungura. Wenye ndege, kobe na wanyama wengine wa fungu hilo wengi huenda ExoticDirect. Sijasema yupi kati yao alinikatalia meno, na huenda si yeyote kati yao. Walioko Marekani mambo yao ni tofauti kidogo. Huko bima ya wanyama ilianza 1982, na mteja wa kwanza alikuwa mbwa wa televisheni, Lassie. Kampuni iliyokuja kurithi biashara ile, Nationwide, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kupokea ndege, sungura na reptilia. Kaka yangu wa Columbus, Ohio, anasema makampuni mengine aliyoyauliza kuhusu kasuku yalimjibu mbwa na paka tu.

Hamsta na simbilisi, hapana. Sitazunguka. Hamsta anaishi miaka miwili, akifika mitatu umshukuru Mungu. Mpaka siku za kungoja zipite na sehemu yako ya kwanza ikatwe, kilichobaki hakifikii bili ya kuonwa na daktari. Simbilisi wanaishi zaidi, miaka mitano mpaka saba, nao wana matatizo ya meno na ya mkojo, lakini kwa wale wawili wa mdogo wangu tuliulizia bei, tukaona kibubu kinatosha. Yeye ana kibubu cha ndani ya programu ya benki, kinachochota pauni 10 kila mshahara ukiingia, na hakigusi labda awe anaelekea kliniki.

Wenye kipato kidogo wanaopokea misaada ya serikali waulizie PDSA, shirika la hisani linalotibu wanyama tangu 1917, kabla ya kukata bima yoyote. Na wenye sungura, chama cha Rabbit Welfare Association kina orodha ya madaktari wanaowajua sungura kwa kweli. Kumjua huyo mapema kuna faida kuliko tofauti ya pauni tatu kati ya kampuni na kampuni.

Suala la bima na dini nimeulizwa pia. Mwulize shehe wako, mimi natoa maoni ya huduma, sitoi fatwa.

Ukiamua kukata, kata sungura akiwa mdogo. Kampuni nyingi hazimpokei mpya akishapita miaka 5, na hata uliye naye, akizeeka wanaanza kukutaka uchangie asilimia ya kila bili. Chukua ile ambayo kikomo chake cha malipo hujazwa upya kila mwaka unapohuisha. Zile zinazoacha kulipia ugonjwa baada ya miezi 12 zina bei ndogo kwa sababu hiyo hiyo. Za ajali tu usijisumbue, sungura huugua zaidi ya anavyoumia. Omba kliniki ikuchapishie faili lote la mnyama kabla hujajaza fomu, usome kila mstari, maana kampuni itausoma. Una siku 14 za kubadili mawazo baada ya kukata, na ndani ya siku hizo piga simu uulize jambo moja mahsusi: meno yake mtalipia, ndiyo au siyo? Omba jibu kwa barua pepe.

Barua ya mwaka wa nne imekuja mwezi uliopita, pauni 44 kwa wote wawili. Karafuu nimemwacha kwenye bima, 22. Iliki nimemtoa. Meno yake hawayagusi, na tumbo lake likisimama, jambo ambalo kwa sungura mwenye meno mabovu hutokea sana, nitakuwa nabishana tena na yule kijana mpole kama chanzo ni meno au siyo. Pauni zake 22 zinaingia kibubuni siku ya mshahara, na nimemwongezea 30 nilizokuwa natumia kununua vitafunio vya punje vya dukani, ambavyo daktari alishasema vinamharibia meno. Miadi ya kusaga ni Novemba, na nimeshapata kliniki ya Kettering inayofanya kwa 260.